Fundi wa Mashine za Karata: Studio za Michezo ya Video na Nafasi ya Tunduma

(Mhadhara kwa wananchi, uliotolewa Tunduma, mkoani Songwe)

   

 Niliombwa nizungumze juu ya TEHAMA na ajira kwa vijana wa mpakani. Mada hiyo ni pana mno kwa jioni moja, kwa hiyo nimechagua kona yake moja. Nitaeleza jinsi kampuni ya michezo ya video inavyojenga kitengo chake cha ndani cha kubuni michezo, yaani watu wake yenyewe, chini ya paa lake, wanaotunga kitu ambacho hakikuwapo jana. Lengo langu ni kuwashawishi kwamba kitengo kama hicho huanza na mafundi wanaovijua kwa undani vifaa vya bei nafuu, wakaachwa wakae pamoja kwa miaka. Mafundi wa namna hiyo Tunduma inao. Haijawapa tu chumba kimoja.

Najua wazazi wengi hapa hawalipendi neno gemu. Mnalihusisha na banda lenye runinga mbili na pedi zilizochakaa, na mtoto aliyetumwa sokoni akapotelea humo na chenji ya mama yake. Hofu hiyo ina msingi, na mimi sikuja kutetea utoro. Ninachowaomba ni kuuliza swali lingine juu ya banda hilohilo: kile kinachochezwa kwenye kioo, kimetengenezwa na nani, na fedha yake inakwenda wapi?

Hoja ya kwanza: studio huota kutoka kwenye kazi ambayo tayari ipo

Kampuni ya Nintendo ilianzishwa mwaka 1889 katika mji wa Kyoto, Japani. Mwanzilishi wake, Fusajiro Yamauchi, alitengeneza karata za maua ziitwazo hanafuda. Umeme wenyewe ulikuwa mgeni Japani wakati huo. Kwa zaidi ya nusu karne nyumba hiyo iliishi kwa karata.

Mwaka 1965 iliajiri kijana aliyesomea elektroniki, Gunpei Yokoi. Hakuajiriwa kubuni chochote. Kazi yake ilikuwa kutunza mashine za kutengenezea karata: kukaza, kupaka mafuta, kurekebisha zinapogoma. Mashine zikiwa salama, fundi hukaa bila kazi, na Yokoi alitumia muda huo kujitengenezea mkono wa kuchezea unaorefuka na kufupika ili kushika kitu kilicho mbali. Rais wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, aliuona. Badala ya kumfukuza kwa kuchezea muda wa mwajiri, alimwagiza aufanye bidhaa. Mwaka 1966 mkono huo uliingia sokoni kwa jina la Ultra Hand, ukauzwa zaidi ya milioni moja. Baada ya hapo fundi wa mashine akawa mbunifu, na meza yake ikawa mbegu ya kile kilichokuja kuitwa Idara ya Kwanza ya Utafiti na Maendeleo.

Naomba mafundi simu mlitazame tukio hilo kwa makini. Kiwanda hakikutafuta mtaalamu kutoka nje. Kilimtazama mtu wake aliyekuwa ameshika bisibisi.

Idara ziliongezeka. Masayuki Uemura, aliyetoka kampuni ya Sharp, aliongoza idara iliyobuni mashine ya nyumbani, Famicom, iliyotoka Julai 1983. Genyo Takeda aliongoza nyingine. Ya nne, iliyoundwa katikati ya miaka ya 1980, ndiyo iliyokua ikawa kitengo mashuhuri kuliko vyote, na humo alikuwamo Shigeru Miyamoto, kijana aliyejiunga na kampuni mwaka 1977 kwa kalamu ya mchoraji, bila ujuzi wa kuandika programu.

Wafanyabiashara wa Tunduma mnajua maana ya mzigo kukwama, basi sikilizeni hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 tawi la Nintendo la Marekani lilibaki na makabati yapatayo 2,000 ya mchezo uitwao Radar Scope, ambayo hayakupata mnunuzi. Yalikuwa mashine nzimanzima, kila moja na kioo chake na mbao zake, yamelala ghalani. Yamauchi aliamua utungwe mchezo mpya utakaoingia ndani ya makabati yaleyale. Kazi hiyo akapewa Miyamoto, chini ya usimamizi wa Yokoi. Kwa kuwa alikuwa mchoraji, Miyamoto alianza na hadithi kabla ya hesabu: sokwe amemteka binti, na seremala anapanda ngazi huku akiruka mapipa. Mwaka 1981 mchezo huo, Donkey Kong, uliokoa mzigo na kuiokoa kampuni nchini Marekani. Yule seremala ndiye Mario, ambaye hata mtoto wa hapa jirani anamfahamu kwa kofia yake nyekundu.

Hoja ya pili: kifaa cha bei nafuu ni mtaji kwa anayekijua

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo penye moyo wa mhadhara huu.

Yokoi alikuwa na kanuni aliyoifuata maisha yake yote. Chukua teknolojia iliyokwisha kuzoeleka, ambayo bei yake imeshuka na tabia zake zinajulikana, kisha itafutie matumizi ambayo hakuna aliyeyafikiria. Mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya Japani vilishindana vikali kuuza vikokotoo, na vioo vyake vidogo vikawa rahisi sana. Yokoi aliona abiria ndani ya treni akichezea kikokotoo ili kupitisha muda. Mwaka 1980 akatoa Game & Watch: kioo cha kikokotoo, saa ndogo, na mchezo mmoja, vyote vikiingia mfukoni. Zikauzwa zaidi ya milioni 40.

Mashine ya mfukoni haina nafasi ya usukani, kwa hiyo katika toleo la Donkey Kong la mwaka 1982 Yokoi aliweka kitufe cha umbo la msalaba kwa kidole gumba cha kushoto. Vijana, kesho mkishika pedi, angalieni upande wa kushoto. Msalaba ule, au mfano wake, bado upo karibu kwenye kila pedi duniani, na aliyeubuni alianza kazi kwa kupaka mafuta mashine za karata.

Kisha ukaja mwaka 1989. Idara ya Yokoi ilitoa Game Boy, na kioo chake hakikuwa na rangi. Kilikuwa na vivuli vinne tu vya kijani kibichi chenye unjano. Washindani walikuja na rangi kamili: Atari Lynx mwaka huohuo, Sega Game Gear mwaka uliofuata. Kwa macho ya duka, Game Boy ilikuwa imeshindwa. Lakini mashine zile za rangi zilikula betri sita kwa saa chache, ilhali Game Boy ilitumia betri nne na kudumu safari nzima na kurudi. Ilikuwa nafuu, ilikuwa ngumu, ikianguka inaokotwa na mchezo unaendelea. Pamoja na mdogo wake mwenye rangi aliyekuja mwaka 1998, ziliuzwa zaidi ya milioni 118.

Mfano wa pili unahusu programu. Mwaka 1985 Miyamoto, Takashi Tezuka na wenzao walitoa Super Mario Bros., huku muziki ukitungwa na Koji Kondo. Mchezo wote, na ardhi yake, adui zake, muziki wake na siri zake, ulichukua kilobaiti 40. Picha moja mnayotumiana kwenye WhatsApp kwa kawaida ni kubwa kuliko mchezo huo mzima. Ili kubana nafasi, mawingu meupe ya juu na vichaka vya kijani vya chini ni mchoro mmoja uliobadilishwa rangi. Mamilioni walicheza kwa miaka bila kulitambua hilo. Uhaba wa nafasi ulizaa uamuzi wa kisanaa, na uamuzi huo ulifanywa na watu waliojua kila tundu la mashine yao kwa sababu iliundwa chumba cha pili.

Sasa nije kwetu. Simu nyingi zilizo mikononi mwenu hapa ni za bei ya chini: hifadhi ndogo, betri iliyochoka, kioo chenye ufa. Wabunifu wa nje huandika michezo kwa ajili ya simu kubwa kisha hupunguza ubora ili iweze kuingia kwetu. Fundi wa Tunduma anaijua simu ya bei ya chini kutoka ndani. Anajua inavyopata joto, inavyoganda hifadhi ikijaa, inavyokufa saa kumi jioni ikiwa imechajiwa asubuhi. Huo ni ujuzi wa kubunia, na kwa sasa tunautumia kukarabati peke yake.

Yokoi naye alishindwa, na haifai kulificha. Mwaka 1995 alitoa Virtual Boy, mashine ya kutazamia ndani kama darubini, yenye picha nyekundu tupu. Iliumiza macho, haikufikia hata mauzo ya milioni moja, ikaondolewa. Mwaka uliofuata aliacha kazi, na Oktoba 1997 alifariki katika ajali ya barabarani. Nyumba aliyoisaidia kuijenga iliendelea kwa sababu ujuzi wake ulikuwa umekwisha kuwaingia wengine.

Hoja ya tatu: watu wasitawanywe

Hii ni fupi, lakini viongozi waisikie vizuri. Kati ya mwaka 2012 na 2014 mashine ya Nintendo iitwayo Wii U iliuzwa vibaya na kampuni ikaingia hasara. Wanahisa walimtaka rais wake wa wakati huo, Satoru Iwata, apunguze wafanyakazi. Iwata, ambaye mwenyewe alianza kama mwandishi wa programu, aliwaeleza kwamba mtu anayehofia kufukuzwa hawezi kutunga kitu cha kuwagusa watu. Mwanzoni mwa 2014 alikata mshahara wake kwa nusu kwa miezi mitano, na wakurugenzi wengine nao wakapunguziwa. Iwata alifariki Julai 2015. Mwaka huohuo vitengo viwili vikubwa vya ubunifu viliunganishwa kuwa kimoja, na watu walewale waliobakizwa ndio walioandaa michezo ya Switch, mashine iliyotoka Machi 2017 na kuuzwa zaidi ya milioni 150.

Tezuka na Kondo walijiunga mwaka 1984. Walikuwa bado wamo humo Switch ilipotoka. Hiyo ndiyo siri, kama ni siri.

Hoja ya nne: Afrika Mashariki imekwisha kuanza

Sitaki mtu aondoke hapa akisema haya ni mambo ya Wajapani. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo wa kompyuta wa vipimo vitatu ambao mhusika wake ni mwanamke anayetafuta mali za kale za Afrika. Ulikuwa mwaka uleule M-Pesa ilipoanza Kenya, kwa hiyo mazoea ya mchezaji wa kawaida kulipia gemu kwa simu yake yalikuwa hayajazaliwa. Kirinya alitangulia soko lake. Mwaka 2009 aliungana na Mghana Eyram Tawia wakaanzisha Leti Arts, studio yenye miguu miwili, mmoja Accra na mwingine Nairobi. Walitunga michezo na vitabu vya katuni vyenye mashujaa wa Kiafrika, kuanzia Ananse wa hadithi hadi Shaka wa historia. Nairobi ilipata pia Nairobi X ya Andrew Kaggia mwaka 2015, ambamo mji unavamiwa na viumbe wa anga na mchezaji anaulinda.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa Lual Mayen. Familia yake ilikimbia vita vya Sudan Kusini, naye akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu, akapata dola 300, akamnunulia kompyuta mpakato. Kambini hapakuwa na umeme. Mayen alitembea saa kadhaa ili kwenda kuichaji, akajifunza mwenyewe kubuni, na akatunga mchezo uitwao Salaam, ambamo mchezaji ni mkimbizi anayetafuta maji, chakula na usalama. Toleo la kwanza lilisambaa kambini kwa kurushiana simu kwa simu. Baadaye alikwenda Marekani, akaanzisha studio ya Junub Games mjini Washington, na Desemba 2018 akatunukiwa katika hafla ya tuzo kubwa za michezo ya video duniani.

Akina mama mliopo hapa, mnaouza mchele na maharage mpakani, naamini mnamwelewa yule mama kuliko mimi ninavyoweza kumweleza. Huenda hakujua gemu ni nini. Alijua mwanawe anahitaji chombo cha kazi.

Hata hivyo tuone pia kilichotokea baadaye. Studio ya Mayen iko Washington. Kipaji kilizaliwa Afrika Mashariki, nyumba ya kazi ikajengwa kwingine. Sina lawama kwake hata chembe. Alikwenda palipokuwa na umeme, mtaji na watu wa kufanya nao kazi. Lawama, kama ipo, ni yetu tuliobaki.

Hoja ya tano: Kiswahili kimekwisha kupimwa, na ilikuwa Tanga

Wachache mno wanalifahamu tukio hili, nalo lilitokea nchini mwetu.

Mwaka 2014 taasisi ya Kimarekani ya XPRIZE ilitangaza shindano lenye zawadi za dola milioni 15, fedha zilizotolewa kwa sehemu kubwa na Elon Musk. Washindani walitakiwa watunge programu ambayo mtoto asiye na mwalimu wala shule karibu ataitumia mwenyewe kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Lugha za programu zilikuwa mbili: Kiingereza na Kiswahili. Mahali pa kupimia palichaguliwa Tanzania, mkoa wa Tanga, kwa ushirikiano wa Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani.

Washindani watano walifika mwisho. Kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa miezi 15, vishikwambi viligawiwa katika vijiji 170 kwa watoto karibu 2,700 wa umri wa miaka 7 hadi 11. Vituo vya kuchajia kwa jua vilijengwa vijijini. Kabla ya jaribio, asilimia 74 ya watoto hao walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwisho wa jaribio, idadi ya wasioweza kusoma ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wawili walitangazwa mjini Los Angeles, wakagawana dola milioni 10 nusu kwa nusu: Kitkit School na onebillion.

Walikuwa akina nani? Kitkit School ilitungwa na Enuma, kampuni iliyoanzishwa Berkeley, Marekani, na mke na mume waliotoka katika tasnia ya michezo ya video ya Korea Kusini, Sooinn Lee na Gunho Lee. Walimtazama mtoto wa Tanga kama wanavyomtazama mchezaji wao: atagusa nini kwanza, atachoka wapi, tumpe nini akifaulu, tumrudishe vipi akikosea bila kumfedhehesha. Mbunifu wa gemu huyauliza maswali haya kila siku, na ndiyo yaliyomshikilia mtoto aliyekuwa peke yake na kioo. Wa pili, onebillion, makao yake ni London, lakini miaka kadhaa kabla ya Tanga alikuwa amejaribu masomo yake ya hesabu kwa lugha ya Chichewa nchini Malawi, yaani ng'ambo tu ya Mto Songwe kwa wenzetu wa Ileje.

Walimu, hapa ndipo penye maumivu yangu. Washindani wengine watatu walikuwa na makao New York, Pittsburgh na Bangalore. Kati ya wote watano, hakuna hata mmoja aliyekuwa na makao makuu Tanzania. Lugha ilikuwa yetu, watoto walikuwa wetu, na kazi ya kubuni ikafanyika mbali. Si kwamba hatuna watu. Dar es Salaam, kampuni ya Ubongo, iliyoanza mwaka 2013, ilikuwa tayari inatunga katuni za kufundishia kwa Kiswahili, na kipindi chake cha Ubongo Kids kiko hewani tangu Januari 2014. Uwezo wa kumfundisha mtoto kwa picha inayosogea tunao. Tulichokosa ni idadi ya nyumba za namna hiyo, na nyingi ya hizo chache ziko Dar.

Kuna habari njema ndani ya habari hiyo. Kanuni za shindano ziliwataka waliofika mwisho waachie msimbo wa programu zao wazi, mtu yeyote autazame, autumie na auboreshe. Kwa hiyo kijana wa Vwawa au wa Mlowo, hapahapa mkoani, mwenye kompyuta na intaneti anaweza leo kufungua kazi iliyoshinda dola milioni 5, akaona ndani jinsi somo la Kiswahili lilivyopangwa, akabadilisha picha, akaongeza sauti, akatunga somo jingine. Walimu mliokabidhiwa vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya mwaka 2022, vyombo vya kujaribia mnavyo tayari mikononi.

Hoja ya sita: tuanze na nini hapa Tunduma

Sipendekezi tushindane na Kyoto. Napendekeza kikundi cha watu watano katika chumba kimoja kwa miaka miwili. Fundi simu mmoja. Mchoraji mmoja, na hapa simaanishi msomi wa chuo. Wachoraji wa mabango na wa maandishi ya malori wamo mjini humu. Prodyuza mmoja wa muziki. Mtu wa hesabu anayejifunza kuandika programu. Chombo cha kubunia michezo kiitwacho Godot ni bure, msimbo wake uko wazi, na hakidai kompyuta ya gharama kubwa. Wa tano awe mwalimu wa Kiswahili anayejua kusimulia. Miyamoto alianza na hadithi, nasi tusione aibu kuanza nayo.

Hadithi hazikosekani mkoani Songwe. Tangu Oktoba 2019 kituo cha huduma za pamoja mpakani kinahudumia malori ya kwenda Zambia na Kongo. Mchezo wa kuyapanga malori hayo, hati gani itangulie, mzigo gani utaoza ukicheleweshwa, ungechezwa na kila utingo anayesubiri zamu, na tena ungemfundisha mfanyabiashara mdogo taratibu za forodha. Kuna reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na stesheni yake iko hapahapa. Kuna kimondo cha Mbozi. Kuna kahawa, ambayo safari yake kutoka mche hadi mnada ina maamuzi mengi ya kutosha michezo mitatu. Kuna bao, lenye mashimo 32 na kete 64, ambalo wazee wetu hulicheza kwa hesabu za kichwani zinazoweza kumshinda mhitimu wa chuo kikuu. Mzee hapo mbele anatikisa kichwa kukubali. Nitakuja kwako baada ya kikao, unifundishe.

Mchezo wa kwanza uwe mdogo. Usihitaji bando ukishapakuliwa. Uingie kwenye simu ya bei ya chini kabisa inayouzwa mjini. Uzungumze Kiswahili, na ikiwezekana sauti zake ziwe pia za Kinyamwanga, Kinyiha na Kindali, lugha ambazo si rahisi kampuni ya Berkeley izikumbuke. Ukishindwa, kikundi kisivunjwe. Kitoe wa pili.

Fedha je? Sheria inazitaka halmashauri zote zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024. Tumezoea kuona vikundi vikiomba pikipiki, cherehani na mashine za kukoboa. Sioni kifungu kinachozuia kikundi cha vijana kuomba kompyuta na kodi ya chumba. Tena kuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza mwaka 2019, ambako kazi yao inaweza kuonekana na taifa zima.

Yako mambo matatu nayaomba kabla hatujatawanyika.

Waheshimiwa madiwani, ombi la kikundi kama hiki likifika mezani kwenu, msilitupe kwa sababu lina neno gemu. Waiteni vijana, wapeni saa nzima waonyeshe wanachotengeneza, kisha mpime kama mnavyopima mradi mwingine wowote. Na mkiwapa, wapeni muda. Mkopo wa kudai marejesho baada ya miezi mitatu utaua studio kabla haijatoa mchezo.

Wazazi, tofautisheni mtoto anayecheza na mtoto anayetaka kujua mchezo umetengenezwaje. Huyo wa pili mkimwona amefungua pedi iliyoharibika kwa bisibisi, msimpige. Mpelekeni kwa fundi akae naye wakati wa likizo.

Mafundi na vijana, msisubiri halmashauri. Jumamosi hii, baada ya kufunga vibanda, kutaneni watano. Pakueni Godot kwa bando la mmoja, mrushiane. Chagueni hadithi moja kati ya hizi nilizozitaja, au iliyo bora zaidi, na muwe na kitu kinachosogea kwenye kioo kabla ya msimu wa kahawa kuanza. Mimi nitakuja kukicheza.

 Maswali nayapokea, na ningependa tuanze na walioketi nyuma.